Sebule Yangu Imegeuzwa Ghala la Dawa

Ndugu Meneja wa Ghala Kuu la Dawa,

YAH: KUONDOLEWA KWA GHALA LAKO SEBULENI KWANGU

Nakusalimu kwa heshima zote nilizobaki nazo. Ningekuandikia mezani, kama wafanyavyo watu wenye shida rasmi, lakini meza yangu imejaa nyaya. Kwa hiyo nakuandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, na ukiona mstari unapanda mlima, ujue si dharau.

Huenda hunikumbuki kwa sura. Mimi ni mume wa yule mama anayeitunza seva yako, ile kompyuta kubwa isiyozimwa usiku wala mchana, inayojua kila katoni ya dawa iko rafu ipi na kila chumba cha baridi kina baridi kiasi gani. Wafanyakazi wako wanamwita Mama Seva. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni kwangu, na mtaa mzima unaniita Fundi Kesho. Sababu ya jina hilo nitaieleza kwenye lalamiko la tano, na nakuomba usiniwahishie hukumu.

Nianze na chanzo, isije ikasemwa fundi amekurupuka. Hapo awali seva yako ilipokwama, simu ililia hapa nyumbani. Ililia tukiwa tunakula, ililia tukiwa msibani, ililia siku ya mahafali ya mdogo wa mke wangu, jina la mdogo huyo likiwa ndiyo kwanza linaitwa. Kila ilipolia, mke wangu alivaa viatu akaja kwako kuibembeleza. Hali hiyo haikunisumbua sana, maana aliyekuwa akivaa viatu ni yeye.

Ndipo wewe, ukiwa kikaoni, ukapata wazo kwamba mke wangu awezeshwe kuifikia seva akiwa nyumbani. Lilikuwa wazo zuri, kama yalivyo mazuri mawazo yote yanayozaliwa kwenye vikao vyenye chai.

Ninavyoelewa mimi mtu wa uzi, seva yako inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, na tangu izaliwe ilizoea kuishi bila sura: kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Lakini ile programu yenu mpya ya vyumba vya baridi inataka picha, madirisha na vitufe vya kubonyeza. Kwa hiyo mke wangu akiwa hapa, na mwenzake akiwa huko, yule mnayemwita Bwana Waya kwa wembamba wake, wakaanza kazi kwa simu. Kwanza wakaivisha seva sura. Kisha wakaifungulia mlango, ili mtu aliye mbali aione sura hiyo kwenye kompyuta yake kana kwamba ameketi mbele ya seva yenyewe. Kisha wakajenga ukuta wa kuzuia wezi wa mitandaoni. Kisha wakautoboa ukuta.

Nilimuuliza mke wangu mantiki ya kujenga ukuta na kuutoboa.

"Kwani wewe hushoni shati zima, halafu ukalitoboa matundu ya vifungo?" akanijibu. "Na tundu langu lina kifungo chake."

Hoja hiyo niliikubali. Ndiyo ya mwisho niliyoikubali. Yaliyofuata ni haya:

1. Meza.

Meza yangu ya kukatia ni ya mbao ngumu, ndefu kuliko kitanda, na niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Leo nusu yake ni ghala lako. Pamekaa kompyuta, pamekaa kisanduku cha intaneti chenye vitaa vinavyowakonyeza wateja wangu wa kike kwa wa kiume bila kubagua, na pamekaa kikombe cha chai ambacho hakiruhusiwi kusogezwa kwa kuwa kiko "mahali salama". Katikati tumechora mpaka, kwa chaki yangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa nakata suruali ya Mwalimu Mkuu wa shule ya hapa jirani. Mguu wa kulia ulikuwa upande wangu, haukuwa na tatizo. Mguu wa kushoto ulipofika mpakani ukasimama, kwa sababu mke wangu alikuwa anaongea na hospitali kwa simu na sikuthubutu kusogeza kitu. Suruali hiyo sasa ina mguu mmoja wa kazini na mmoja wa likizo.

2. Usalama.

Tangu mke wangu aanze kufunga na kufungua seva yako kutoka hapa, adabu za mlangoni kwangu zimebadilika. Juzi nilitoka kununua mkate na uzi. Kurudi, nakuta mlango umekomewa. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni nani?"

"Mimi mumeo!"

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Umenunua uzi wa rangi gani?"

Nikasema mweusi. Akasema mume wake aliyetoka hapa alikuwa anafuata uzi wa bluu. Ndugu Meneja, alikuwa sahihi. Ilibidi nirudi dukani. Lakini nakuuliza, je, hiyo ndiyo namna ya kumpokea mtu aliyebeba mkate?

Na si hilo tu. Kila anapoandika nenosiri la kuingilia kwako, naamriwa nitazame ukutani. Mimi, mume halali, niliyeoa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, nasimama na kuangalia rangi ya ukuta kama mtoto aliyemwaga uji. Nimekwishaujua ukuta ule. Una ufa mdogo karibu na swichi, na ukikaa nao sana unafanana na mtu anayecheka.

3. Heshima ya ndoa.

Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu bado linaniuma, ingawa najua halitakuwa fupi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja kututembelea. Ni mama mwenye masikio makali na subira ndogo. Akiwa jikoni anaosha mikono, alimsikia mke wangu akiongea kwa simu na Bwana Waya. Nayanukuu maneno kama shangazi alivyoyanukuu baadaye mbele ya ukoo:

"Leo Linux kanikubali. Jana alinifungia mlango kabisa, ila leo nimebadilisha funguo, nimeingia bila shida. Anaonekana vizuri, sura yake safi. Ngoja kwanza, usimwambie mtu mpaka nihakikishe. Mume wangu? Yupo hapa hapa. Yeye haya mambo hayajui."

Shangazi hakula. Alichukua mkoba wake akaondoka, na siku ya pili yake akarudi na kaka yangu mkubwa pamoja na mama mkwe, wakakaa kwenye viti vya wateja, wakaniambia nifunge cherehani.

"Tumekuja kwa jambo moja," shangazi akaanza, amenyoosha mgongo. "Tunataka tumjue huyo Linaksi. Ni mtoto wa nani, anafanya kazi gani, na anaingiaje humu ndani mchana mwenye nyumba akiwepo?"

Mama mkwe akafunika uso kwa mtandio. Kaka akanitazama kwa huruma ambayo hajawahi kunitazama nayo, hata nilipovunjika mguu. Mke wangu alifungua mdomo aeleze, akashindwa. Alicheka. Alicheka mpaka akainama juu ya meza, machozi yakamtiririka, akawa anajaribu kusema "ni mfumo, shangazi, ni mfumo" na maneno hayatoki. Shangazi akadhani ni machozi ya majuto. Akainuka, akamkumbatia, akamwambia binadamu hakamiliki. Akamsamehe pale pale na kikao kikafungwa. Kisha wakala chakula chetu chote cha mchana na cha jioni.

Nimejaribu kueleza. Nimemwonyesha shangazi kompyuta, nimemwonyesha seva yako ikiwa na sura yake kamili. Anaitikia kwa kichwa. Halafu akiaga mlangoni ananivuta pembeni: "Na yule, bado anakuja?"

4. Kutumwa.

Siku ya kwanza mke wangu alipotaka kuutumia mlango wenyewe kwa kazi ya kweli, mlango ulimkubali, ukamwonyesha kioo cheusi tii, kisha ukamtupa nje. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Bwana Waya alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Wauguzi wa wilaya tatu walikuwa kwenye simu wanasubiri kuambiwa dawa zao zimepakiwa au la. Mke wangu akafikiri kidogo, akasema, "Kuna mtu ameketi kwenye seva yenyewe. Ameingia kwa jina lile lile ninalotumia mimi, halafu ameondoka bila kutoka. Mashine haiwezi kumpa mtu mmoja meza mbili."

Kisha akanitazama.

Nilikuja kwako kwa miguu, Ndugu Meneja, futi ikiwa shingoni na kastabini ya kukinga sindano kidoleni, kwa sababu sikupewa nafasi hata ya kuvivua. Mlinzi wako akanisimamisha getini. Nikamweleza kwamba nimetumwa na mke wangu kumtoa mtu ambaye hayupo. Akanikagua kuanzia juu hadi chini, uso ukamchangamka. "Kumbe wewe ndiye Bwana Seva! Pita, shemeji, pita!" Mimi ambaye nimevalisha nusu ya mji huu, mimi ambaye nimeshona mpaka majoho ya mahakimu, naitwa Bwana Seva.

Chumba cha seva kina kiyoyozi kizuri sana. Hilo nililiona, na nitalirudia. Juu ya kioo nilikuta mchezo wa karata umeachwa katikati, malkia amewekwa mahali pabaya. Sitasema ni nani aliyekuwa akicheza. Nitasema tu kwamba kwenye kiti palikuwa na koti la suti la kijivu lenye mabega ninayoyafahamu, kwa kuwa niliyashona mimi, na bega la kushoto nililiongezea pamba kidogo kwa sababu mwenye koti bega lake hilo limeshuka. Nilibonyeza palipoandikwa "Toka" kama nilivyoelekezwa, nikarudi nyumbani, nikakuta mke wangu ameshaingia na wauguzi wanacheka. Jambo la karata nimelinyamazia, na nina nia ya kuendelea kulinyamazia, kutegemea huruma ambayo barua hii itasomwa nayo.

5. Kesho.

Sasa tumefika kwenye mfupa wenyewe.

Katika kazi yetu, Ndugu Meneja, kesho si siku. Kesho ni salamu. Mteja akiuliza "Fundi, nguo yangu?" nami nikajibu "Kesho," tumesalimiana vizuri, kila mtu anakwenda zake na moyo mweupe. Vivyo hivyo "imebaki vifungo tu" haina maana ya vifungo. Ina maana kwamba kitambaa kipo, fundi yupo, na Mungu yupo. Wateja wanajua hivyo, na mafundi tunajua kwamba wanajua. Ni ustaarabu tuliorithi, na umelinda amani ya mtaa huu tangu kabla sijazaliwa.

Mke wangu hakuujua ustaarabu huu. Alikuwa akienda kazini asubuhi, akirudi jioni, anaamini ameolewa na mtu mwenye bidii.

Basi akaja Mwalimu Mkuu, kabla ya yale mambo ya mguu wa likizo. "Fundi, suruali yangu?"

"Imebaki vifungo tu, Mwalimu."

Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Vifungo vya suruali ipi? Kama ni ya Mwalimu, kitambaa bado kimo ndani ya ule mfuko aliokuja nao. Nimeuona asubuhi wakati natafuta soketi."

Cherehani yenyewe ilinionea aibu.

Ungetarajia Mwalimu akasirike. Hapana. Aligeuza kiti, akamwelekea mke wangu. "Kwa hiyo mama, unadhani lini kwa kweli?" Mke wangu akamwambia wiki mbili. Mwalimu akashukuru. Akaondoka akitabasamu, amepewa wiki mbili, wakati mimi nilikuwa nimempa kesho! Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza mimi kitu. Wanaingia, wananiamkia, wananipita, wanakwenda upande wa pili wa mpaka: "Mama Seva, langu limefika wapi?" Naye, macho kwenye ghala lako, mkono kwenye kipanya, anawajibu: "Lako limekatwa, halijaunganishwa. Lako bado. Wewe dada, lako amelikalia."

Hata usingizi wangu wa mchana umejulikana. Kwa miaka yote nilikuwa nikifunga mlango mchana na kubandika kibao kisemacho NIMEKWENDA KUCHUKUA VIFAA. Sasa mteja akibisha, sauti ya kike inamjibu kutoka ndani: "Vifaa viko hapa. Vinakoroma."

Jina langu nalo limepandishwa cheo. Wananiita Fundi Keshokutwa.

6. Betri, mvua na bibi harusi.

Unaikumbuka ile mvua iliyofunika daraja. Wewe ulikuwa safarini, kwa hiyo taarifa uliyosomewa ilikuwa na mistari michache. Naiongezea mistari.

Umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mimi nina betri yangu, na cherehani yangu ya mota inakula betri hiyo. Mchana ule bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya sebule ndani ya gauni lake, nusu limeshonwa, nusu limeshikwa na pini, kwa sababu harusi ilikuwa kesho. Namaanisha kesho ya kalenda. Simu yangu ikalia. Alikuwa mlinzi wako.

"Shemeji, mpe simu Mama Seva! Ving'ora vya chumba cha chanjo vinalia na huku sina mtu!"

Mashine ya kupoza ilikuwa imezima. Ya akiba ipo, ila inawashwa kutoka kwenye programu, na programu iko kwenye seva. Bwana Waya alikuwa ng'ambo ya daraja, naye daraja halioni. Mke wangu akafungua kompyuta, ikawaka, ikazima. Haikuwa na chaji. Akaitazama betri yangu. Mimi nikamtazama yeye akiitazama.

"Mume wangu, naiomba."

"Na gauni?"

Aliyejibu ni bibi harusi. "Mpe, fundi. Mimi naolewa kesho, na kuna watoto wanachanjwa kesho hiyo hiyo."

Nikachomoa cherehani, nikachomeka ghala.

Kisanduku cha intaneti kilikuwa kimekufa pamoja na umeme, ikabidi itumike intaneti ya simu ya mke wangu, na intaneti hiyo hapa kwetu inashika dirishani tu, tena juu. Bibi harusi akasema yeye ndiye mrefu kuliko sote, na viatu vya kesho ameshavivaa. Akasimama dirishani na pini zake, akainua simu juu kama mtu anayewaonyesha njia wageni. Mke wangu akaingia. Picha ya seva ikaanza kushuka kipande kipande kama pazia lililokwama. Akasogeza kipanya, akangoja. Akasogeza, akangoja. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la gauni lisiguse maji yaliyokuwa yakiingia chini ya mlango, na mlinzi kwenye simu yangu alikuwa anatusomea joto la chumba linavyopanda, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.

Ikawa imebaki kubonyeza kitufe. Pini moja ikamchoma bibi harusi kwapani. "Aii!" Mkono ukashuka, picha ikapotea.

Nilijua tumekwisha. Nilijua tutaanza upya tangu kuivisha seva sura. Lakini mke wangu alisema kwa upole tu, "Inua tena, mwanangu." Bibi harusi akainua. Mke wangu akaandika nenosiri, na siku hiyo hakuna aliyenikumbusha kutazama ukuta. Picha ikarudi, na lile dirisha lilikuwa wazi vile vile, kila kitu palepale alipokiacha. Seva ilikuwa imemngoja. Akabonyeza.

Tukasubiri. Mvua tu.

"Imenguruma!" mlinzi akapiga kelele sikioni mwangu. "Shemeji, imenguruma! Namba inashuka!"

Bibi harusi alitaka kupiga makofi, mikono ya gauni ikamkatalia. Mke wangu alikuwa bado anaikagua namba kwenye kioo, viwiko juu ya meza yangu. Sauti yake haikuwa imetetemeka hata mara moja muda wote ule. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, Ndugu Meneja, nikamwona akipika, akilea, akizika, akicheka. Kazini sikuwahi kumwona, maana kazi yake ilikuwa huko kwako. Sikujua kwamba huwa hivyo. Kwa muda kidogo nilisahau nimeshika pindo.

Lakini tusitoke kwenye lalamiko. Betri iliisha. Nikaifunua cherehani ya zamani ya kukanyaga, nikakanyaga mpaka magoti yakaomba radhi, mke wangu akinimulikia sindano kwa tochi ya simu. Na gauni likaisha. Nasisitiza, likaisha siku ile ile niliyoahidi. Jambo hilo halijawahi kutokea katika maisha yangu ya kazi, na madhara yake ni makubwa: bibi harusi amemsimulia kila mtu harusini, na sasa kila mteja anayeingia hapa anataka afanyiwe kama yeye. Wewe umeokoa chanjo. Mimi nimepoteza kesho.

7. Maombi yangu.

Kutokana na hayo, naomba ufanye moja kati ya haya. Nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

Kwanza, lile tundu kwenye ukuta lizibwe, na mke wangu arudi kwenye kiti chake huko ghalani, avae viatu simu ikilia kama zamani.

Ikishindikana, basi tukubaliane kwamba sebule yangu ni tawi la ghala, na tawi litendewe kama tawi: liletewe kibao, liletewe mlinzi wa kuniuliza maswali mlangoni badala ya mke wangu, na liwekwe chumba cha baridi, hata kidogo, cha kuwekea maji yangu ya kunywa. Mimi nipewe cheo. Naibu Seva kinatosha.

Na hilo nalo likishindikana, tubadilishane. Ikiwa mke wangu anaweza kuwa kazini kwako akiwa nyumbani kwangu, hakuna sababu mimi nisiwe nyumbani kwangu nikiwa kazini kwako. Kile chumba chenye kiyoyozi kinatosha cherehani mbili na ubao wa pasi. Seva haiulizi wala haijibu wateja; ni jirani ninayemhitaji. Wateja watanifuata hapo hapo getini, nami nitawaambia kesho, na hakuna atakayekohoa. Wewe, kama utapungukiwa na mahali pa kukaa, karibu sebuleni. Kiti kipo. Ukiulizwa dawa zimefika wapi, usijibu "zimebaki vifungo tu".

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mlinzi, mwambie magoti yamepona. Msalimie Bwana Waya na mama yake, tumefurahi kusikia ameruhusiwa. Wasalimie madereva wa malori, wapakiaji, yule dada wa mapokezi anayetaka sketi, na wajumbe wote wa kile kikao chenye chai. Shangazi anakusalimu pia, na anauliza kama wewe ndiye baba yake Linaksi.

Ni mimi nilalamikaye kwa adabu,
Fundi wa Sebuleni,
Upande wa Kushoto wa Mpaka.

N.B. Ndugu Meneja, barua ilikuwa imekwisha, natafuta bahasha, ndipo simu ya mke wangu ilipolia. Nimemsikia akisema, "Sawa, Jumatatu tunarudi wote ofisini." Nikasema, "Vizuri." Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikakaa kwenye cherehani, nikaendelea na shati lililokuwa mbele yangu, na sasa hivi ndiyo nimegundua kwamba nimeushona mkono wake ukaziba pande zote mbili. Hakuna mkono wa binadamu utakaopita humo.

Nakuomba kwa unyenyekevu uyasome malalamiko yote sita kinyume. Meza ni ndefu, inatosha. Wateja wameongezeka, sikukuambia. Na mchana nyumba hii ikiwa tupu ina ukimya fulani ambao nilikuwa nauita utulivu kwa sababu sikuwa na jina jingine la kuuita. Usimrudishe. Kama lazima mtu arudi ofisini, nichukue mimi.

Mke wangu anasoma hii begani mwangu. Anasema nimesikia nusu: Jumatatu wote wanakwenda kwa mkutano wa asubuhi tu, kisha kila mtu anarudi alikotoka. Anauliza pia kama naweza kuacha kuandika, kwa kuwa chai inapoa, na amesogeza kikombe chake ili changu kipate nafasi.

Basi zichane kurasa zote za mwanzo. Hii ya mwisho iache.